Tulivyokizunguka Kisiwa na Shangazi Siti

Nyinyi wenzangu wa dukani Bombolulu mmeniuliza mara nyingi mno, na kila mara nimewajibu "nitawaeleza," kwa sababu nikianza kwa mdomo napandwa na hasira nikashindwa kumaliza. Ile video mmeiona. Mwanamke mzee wa buibui anashuka garini katikati ya malori pale Changamwe, kiatu kimoja mkononi, na nyuma yake sauti ya kijana inacheka: "Bibi anasema Mombasa inaelea!" Mlicheka, na siwalaumu, hamkumjua. Yule ni shangazi yangu Siti, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Na maneno yaliyozagaa Utange, kwamba wazimu wake ndio uliomchelewesha asimkute mdogo wake akiwa anasema, si ya kweli. Mimi nilikuwepo tangu mlangoni mpaka mlangoni. Nawaandikia ilivyokuwa.

Mtongwe

Kwanza mjue anachoamini, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Shangazi Siti anaamini kwamba kisiwa cha Mombasa hakikushikana na chini. Kinaelea. Alipokuwa msichana mdogo kwetu Mtongwe, ng'ambo ya kusini, alivushwa feri kwenda kusherehekea Idd, na akiwa amesimama pale uwanjani na kashata yake mkononi akahisi ardhi inakwenda chini ya miguu, polepole, kama chombo kilichofungwa gatini. Akamwuliza mama yake mbona nchi inatembea. Akaambiwa anyamaze. Shangazi Mishi, mdogo wake, alikuwa ubavuni pake wameshikana mikono, na yeye hakuhisi lolote. Tangu siku hiyo Shangazi Siti hajakanyaga kisiwani tena.

Ukimwuliza habari za madaraja, naye atakuuliza: "Kitu kisichokwenda, mtu hukifungia kamba kila upande?" Kwake Nyali ni kamba, Makupa ni kamba. Na lile daraja la kuelea la Likoni, la waendao kwa miguu, lilipoondolewa, alikaa barazani akitikisa kichwa. "Moja limeshafunguliwa," alisema, kama mtu aliyekwisha kuonya.

Msidhani alikuwa akiigiza. Shangazi alikuwa mpishi wa harusi, biriani yake ikisifiwa pwani yote ya kusini. Matajiri wa Mji wa Kale walivuka wenyewe kuja kumbembeleza, akawaambia walete harusi huku ng'ambo. Wakaenda kwa wapishi wengine. Mume wake wa kwanza alipata kazi bandarini akapanga chumba Majengo, akamwita amfuate. Talaka yake ilivuka feri, yeye hakuvuka. Imani hiyo imemla maisha, na hajawahi kumlaumu mtu kwayo.

Mimi siamini. Navuka feri kila siku ya Mungu kuja kazini, na najua kisiwa ni mwamba. Nimegombana naye mpaka sauti ikanikauka. Lakini yule ni mtu mzima mwenye akili zake, na miguu ni yake.

Shangazi Mishi aliolewa Utange, na ndiye siku zote aliyekuwa akija Mtongwe. Akija humkuta dada yake mlangoni akimtania, "Umeshuka merikebuni salama?" na yeye humjibu, "Nahodha anakusalimu," wakacheka mpaka mabuibui yakawavuka. Mwaka huu akaanguka akawa hawezi kuondoka kitandani. Athumani, mwanawe, binamu yangu mimi, akanipigia simu.

"Mama anamtaka dada yake. Anasema ana neno la kumwambia."

Shangazi alikuwa akisikiliza. "Mwambie nakuja. Kwa nchi kavu."

Nikamtajia Athumani njia yenyewe: Dongo Kundu, Miritini, Mazeras, Kaloleni, halafu Mavueni na kushuka barabara ya Malindi mpaka Utange. Akasema kwa upole ambao ulipaswa kunishtua, "Sawa, Mwanajuma. Natuma gari. Dereva atapita huko huko."

Dongo Kundu

Shangazi hakulala. Alikesha akimpikia mdogo wake mkate wa sinia, ule wa iliki nyingi anaoupenda, akaufunga kwa kitambaa cheupe ndani ya kapu. Dereva alikuja asubuhi, kijana mwenye miwani ya jua, akatoa shikamoo nzuri kabisa, akampokea kapu na begi la nguo akaviweka nyuma. Jina lake sikumwuliza. Ninajuta.

Tulipofika kwenye yale madaraja marefu, maji huku na huku na mikoko chini kabisa, nikaogopa atakataa. Alitazama nje kwa furaha kama mtoto.

"Shangazi, hapa si tunavuka bahari?"

"Maji hayana ubaya na mimi," akasema. "Maji yanajulikana ni maji. Ninachokataa ni ardhi inayojifanya ardhi."

Muda mfupi baadaye usingizi ukamchukua, kichwa begani kwangu.

Miritini, na tulikopelekwa

Barabara ile ikifika Miritini huikuta barabara kuu. Kushoto ni Mazeras, kulia ni Changamwe na kisiwani. Dereva akakata kulia.

"Kaka, umekosea," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sijakosea, dada. Nimeambiwa nipite mjini. Bibi si amelala? Atazindukia Nyali, hatajua kitu."

Nikampigia Athumani, na wala hakujaribu kukana.

"Mwanajuma, usiwe mtoto. Mama ni mgonjwa. Mtapita kisiwani kidogo tu, mtafika huku mapema."

"Lakini ulikubali!"

"Nilikubali ili apande gari."

Hebu lisomeni tena neno hilo. Mwanamke aliyemlea huyu Athumani kila likizo ya shule, aliyemkanda kifua kwa mafuta ya nazi alipokuwa na pumu, alikuwa anasafirishwa kama mbuzi aliyefunikwa macho. Nikamwambia dereva asimamishe gari. Akapandisha sauti ya redio.

Kilichotuokoa ni msongamano. Malori ya bandarini yalikuwa yamefungana pale Changamwe, hakuna wa kwenda mbele wala nyuma, honi tupu na moshi. Shangazi akafungua macho. Changamwe anaijua, alishapika harusi huko zamani kwa kuzungukia Kinango. Akayatazama matangi ya mafuta, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, hapa ni Changamwe. Mbele kuna nini?"

Ningeweza kudanganya. "Makupa," nikasema.

Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alifungua mlango akashuka katikati ya malori, kiatu kimoja kikanasa mlangoni akakichomoa akakibeba mkononi. Nami nikamfuata. Makuli na madereva walitoa vichwa madirishani kuuliza kulikoni, na Shangazi, ambaye hajui kusema uongo, akawajibu wote kwamba kisiwa kinaelea na yeye haendi. Hapo ndipo kijana mmoja kati yao, yule mnayemsikia akicheka kwenye video, alipotoa simu yake. Angeweza kumshika mkono mwanamke mzee kumvusha barabara. Alichagua kumpiga picha.

Msongamano ukasogea, malori yakapiga honi, na dereva wetu akaondoka zake na begi na kapu la mkate.

Changamwe, kwa Mama Kui

Tulipata kivuli kwenye kibanda cha chai cha mwanamke wa bara, wanamwita Mama Kui. Alituona tumeduwaa na kiatu mkononi akadhani tumeibiwa.

"Pole shosho!" akasema, yaani bibi kwa lugha ya kwao. "Ni ile Probox nyeupe? Wamebeba bag yenu? Ngoja!" Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshawaita vijana wa bodaboda, wawili wamewasha pikipiki na mmoja ana rungu. Ilinibidi niwasihi kwamba si mwizi, ni dereva wetu. Na wallahi, kwa nukta moja nilifikiria kuwaacha waende.

Akatupa chai ya maziwa mazito na chapati, akataka kujua yote. Shangazi akamweleza. Pembeni alikaa bwana mmoja wa shati la mikono mirefu, akanywa chai yake akisikiliza, mara akavuta sahani yake, akageuza kikombe kitupu juu yake, akaanza kumfundisha Shangazi bahari ilivyo, mwamba ulivyo, kisiwa kilivyoshikana chini na bara. Alisema taratibu na kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

"Umeelewa sasa, mama?"

"Nimeelewa unavyosema," Shangazi akajibu. "Na mimi nilihisi."

"Lakini si kweli!"

"Umemaliza chai yako, baba? Ngoja nikusogezee sukari."

Yule bwana alikuwa sahihi katika kila neno, na hata hivyo nilitamani ile chai immwagikie mapajani. Kuwa sahihi si ruhusa ya kumsemesha mtu hivyo.

Mama Kui hakucheka. Alisema babu yake kule bara hakuwahi kulala chali wala ubavu maisha yake yote. Aliamini kifo kinapita usiku kikihesabu waliolala chini, basi akalala ameketi, kiti kimeegemea ukuta, tangu ujana mpaka nywele zikawa pamba. Watoto walimcheka, wake zake walichoka.

"Na alikufa vipi?" Shangazi akauliza, ameinua shingo.

"Alikufa ameketi. Mchana, akikula viazi."

"Basi usiku hakikumpata."

"Hakikumpata, shosho."

Wakatazamana wale wawili kama watu waliosoma chuo kimoja. Dereva wa lori aliyekuwa akimalizia chapati akasema yeye anaelekea Mazeras, atatubeba. Mama Kui akakataa katakata kupokea chochote, na akamfungia Shangazi kile kiatu kwa kipande cha kamba, maana kilikuwa kimekatika.

Kaloleni

Mazeras tulingoja sana gari la kupanda Rabai, na juu ya milima ile tukashushwa njiani gurudumu likibadilishwa. Jua lilikuwa limeshapinda tulipofika Kaloleni. Tukaingia hotelini tukala sima na mboga za nazi zilizochanganywa, tamu mno, lakini Shangazi alizionja tu na kuuliza mpishi ametia nini. Hata katika taabu hawezi kuiacha kazi yake.

Hapo Athumani akapiga. Nikaweka simu sikioni, lakini sauti yake ilikuwa kubwa.

"Mama ameacha kusema. Tangu asubuhi. Ulimi umekufa. Mwambie hivyo huyo mama mkubwa na kisiwa chake. Haya ndiyo aliyoyataka." Akakata.

Shangazi alikuwa amesikia yote. Aliweka tonge chini, akanawa mikono, akakaa akiangalia barabara. Hakulia. Aliuliza tu, "Neno lake alimwambia nani?"

Nilimkasirikia Athumani, na sitaficha, nilimkasirikia na Shangazi pia. Nilitaka kumwambia: kwa ajili ya kashata na Idd ya zamani! Nilipomtazama, na kile kiatu cha kamba, nikanyanyuka kwenda kulipa chakula.

Mavueni, pamoja na Katana

Aliyetutoa Kaloleni ni Katana, Mgiriama wa makamo mwenye pikapu ya nazi iliyokuwa ikienda Mtwapa. Alituketisha mbele. Tulipokuwa njiani aliuliza kwa adabu mbona tumetokea Mtongwe kwa kuzungukia huku, na Shangazi akamjibu kama anavyowajibu wote. Katana akamtazama kwa heshima mpya. Kisha akapunguza mwendo, akakata njia ya vumbi jekundu.

"Unatupeleka wapi?" nikauliza.

"Nyumbani mara moja tu. Mama yangu anaumwa magoti. Mganga mwenye miiko mizito kama hii sijapata kumwona, siwezi kumpitisha mlangoni kwa mama yangu hivi hivi."

"Mimi si mganga!" Shangazi akang'aka. Ndiyo mara ya pekee safari nzima nilipomsikia amekasirika. "Mimi mpishi!"

Katana akatabasamu kama mtu anayejua waganga wakubwa hujificha. Hakuna tulichosema kilichomgeuza. Tulipofika, punde mama yake alikuwa ametandikiwa mkeka, majirani wameanza kuja, na mimi nimesimama nikiuma meno, kila dakika naiona Utange inakwenda mbali. Shangazi aliona hana njia. Akaketi, akamshika yule mama magoti, akamwuliza anakula nini, akamwambia apike tangawizi na atembee asubuhi, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hii si dawa, huu ni mchuzi." Mama yule akashukuru machozi yakimtoka. Tukapewa kuku. Kuku hai, wa kumpakata mpaka Mtwapa.

Katana alipogundua baadaye kwamba tulikuwa tunawahi mgonjwa, maana mwanzo hakutaka kutusikia, aliaibika mpaka akapita Mtwapa bila kuzishusha nazi zake, akavuka daraja, akatufikisha Utange mpaka uani.

Utange

Jua lilikuwa linazama. Ua ulijaa ndugu na majirani, na nikaona wengine wanatupiana macho na kuziba midomo kwa mitandio. Video ilikuwa imeshatangulia. Hata mkate wa sinia ulikuwa umeshatangulia, ulivuka kisiwa na dereva ukafika mchana, na wageni walikuwa wameumaliza kwa chai. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeanikwa kambani.

Athumani akaja kutupokea, akasema mbele ya watu wote, "Alikuulizia asubuhi, mama mkubwa. Ungepita mjini ungemkuta anasema."

Watu wakaguna. Nikafungua mdomo. Shangazi akaniminya mkono kwa nguvu na kuingia ndani.

Shangazi Mishi alikuwa amelala upande, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alifungua macho, akamtazama dada yake usoni, kisha macho yakashuka polepole mpaka kwenye pindo la buibui, jekundu kwa vumbi la kule juu, na kwenye kiatu cha kamba. Upande mmoja wa mdomo wake ukainuka. Nawaambieni alikuwa anacheka. Shangazi Siti akapanda kitandani na buibui lake na vumbi lake akamkumbatia mgongoni, wakalala hivyo. Alfajiri Shangazi Mishi akafariki.

Asubuhi tulimwosha sisi watatu: Shangazi Siti, mimi, na Rukia mke wa Athumani, aliyemwuguza muda wote. Nje walikuwa wanasema, tunawasikia kupitia dirishani, eti masikini amekufa na neno lake moyoni, dada mtu na kisiwa chake. Rukia alikuwa anamimina maji. Mara akasita kumimina.

"Mama mkubwa," akasema, "hakufa nalo."

"Abee?"

"Athumani alipokuwa anazungumza na Mwanajuma jana kwenye simu, alikuwa amesimama hapa hapa chumbani. Mama alisikia. Alikuwa hajui habari ya dereva. Alijiinua, mama mkubwa, mtu aliyekuwa hawezi kuinuka. Akasema, 'Mwambie dereva ageuze gari. Dada yangu si mzigo wa kuvushwa usingizini. Mwache azunguke, mimi nitamngoja.' Akalirudia kwa ukali. Halafu mdomo ukapinda, na ndiyo mwisho wa kusema kwake. Athumani hakumpigia dereva. Aliogopa. Aliniambia nisiseme."

Niliweka kata chini nikasimama. Nilikuwa natoka hivyo hivyo, mikono yenye maji na karafuu maiti, niende nikamnyanyue Athumani mkekani mbele ya wazee wote.

"Mwanajuma," Shangazi akaniita. "Shika maji. Huyu kwanza."

Nikarudi. Yeye alikuwa anamchana mdogo wake nywele kwa chanuo la mti. "Maisha yake yote alinicheka," akasema. "Hakuamini hata siku moja." Akachana kidogo tena. "Alisemaje, Rukia? Rudia."

Rukia akarudia.

"Rudia tena, mwanangu. Polepole."

Walipotoka makaburini nilimfuata Athumani nyuma ya nyumba. Nilimwambia maneno ya mama yake yote, kama mkewe alivyoyasema, na kwamba ni yeye na gari lake waliotupotezea nusu ya siku, na kwamba ameacha watu wamtupie mwanamke mzee lawama isiyo yake katika nyumba ya msiba. Hakukana. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilitaka afike," akasema.

"Alikuwa anafika, Athumani."